Kurudi kuisikia sauti yako ya ndani: maswali ambayo wanawake huuliza mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanawake wenyewe: mama wa nyumbani, wauguzi, wauza samaki, walimu, wanafunzi wa chuo, na mabibi waliokwisha kulea wajukuu. Majibu ni yangu, na pale utafiti au historia inaposaidia nimeitaja. Si lazima usome kwa mfuatano. Nenda moja kwa moja kwenye swali linalokugusa.

Hiyo sauti ya ndani ni kitu gani hasa?

Ni kile unachokijua kuhusu nafsi yako kabla hujaanza kufikiria watu watasemaje. Unatajiwa mchango wa harusi ya binamu, na kabla hujajibu "sawa, nitatoa," kuna kitu tumboni kimeshasema "sina." Posa imeletwa, nyumba nzima inapiga vigelegele, na wewe unahisi mabega yamekaza. Hicho ndicho ninachokizungumzia. Si pepo, si karama ya wachache, wala si sauti inayosikika masikioni. Mtazame mtoto wa kike wa miaka mitatu: hataki uji, anasema hataki uji.

Kwa mtu mzima mara nyingi haiji kwa maneno. Huja kama uchovu ambao usingizi hauuondoi, hasira kwa mtu ambaye hajakukosea, au wepesi unaokujia kila unapofanya kazi fulani. Kutafakari ni kukaa na dalili hizo mpaka zipate maneno.

Kwa nini wanawake? Wanaume hawaipotezi?

Wanaipoteza, hasa wale waliolelewa wakiambiwa mwanamume halii. Ila kwa mwanamke jambo hili lina njia yake. Msichana hufunzwa mapema kusoma nyuso za wengine: baba amerudi vipi leo, mgeni ameshiba, mdogo wako amelala. Ujuzi huo ni mzuri na umezishikilia nyumba nyingi. Ubaya huanza pale anapokuwa hodari wa kujua kila mtu anataka nini isipokuwa yeye mwenyewe.

Halafu kuna suala la muda. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba wanawake duniani hufanya kazi za nyumbani na za malezi zisizo na malipo zaidi ya mara tatu ya wanaume. Anayeamka wa kwanza kuwasha jiko na kulala wa mwisho hana nafasi katika siku yake ya kujiuliza hata swali moja. Nalisema hili kwa sababu wanawake wengi hujilaumu kwamba ni wavivu wa kufikiri, au kwamba imani yao imepungua. Wamechoka, basi.

Nitajuaje kwamba nimeacha kuisikia?

Sikiliza unavyojibu maswali madogo. "Utakula nini?" "Chochote." "Wewe unaonaje?" "Baba watoto anasema..." Ukienda dukani unachagua kitenge ambacho wifi hatakisema vibaya. Unakubali jambo mchana, kisha usiku unagombana na watu kichwani. Ukipata siku moja huru hujui uifanyie nini, unaishia kufua mapazia. Kila mmoja wetu ana moja au mawili kati ya haya. Yakiwa ndiyo maisha yako yote, kuna mtu humo ndani hajaulizwa kitu kwa muda mrefu.

Sina muda kabisa. Nianzie wapi?

Anza na dakika ambazo tayari ni zako: kwenye daladala au matatu kabla hujatoa simu, bafuni, ukisubiri maharage yaive, au baada ya sala ya alfajiri kabla nyumba haijaamka. Dakika tano zinatosha, na swali moja linatosha. Mimi hupendekeza hili: leo ni nini kimenichosha, na ni nini kimenipa nguvu? Usitafute suluhisho. Taja tu. "Simu ya shangazi imenichosha. Kumsuka binti yangu kumenipa nguvu." Ukiendelea hivyo kwa wiki kadhaa utaona mambo yaleyale yanajirudia, na hapo utakuwa umeshapata habari ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kukupa.

Nasisitiza maswali madogo kwa sababu wengi huanza na yale makubwa: nimwache? niache kazi? nihame mji? Mtu aliyenyamazishwa miaka ishirini humpi kipaza sauti mbele ya umati siku ya kwanza. Mwambie fundi cherehani shingo unayoitaka kweli. Ukiulizwa chai au maji, jibu. Ukikaribishwa chakula usichokiweza, kataa kwa adabu badala ya kula huku unaumia. Mambo haya yanaonekana ya kitoto, lakini kila unapojisikia na kujitii katika jambo dogo unajionyesha kwamba ukisema, utasikilizwa. Bila imani hiyo, swali kubwa halipati jibu la kweli; linapata jibu ambalo umezoea kuwapa wengine.

Nikikaa kimya peke yangu nashindwa. Nina kasoro?

Hapana. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu waliachwa peke yao chumbani kwa dakika chache, bila simu wala kitabu. Wengi hawakufurahia. Katika jaribio mojawapo waliwekewa kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, na wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walijipiga angalau mara moja, ingawa mwanzoni walisema wangelipa pesa kuikwepa.

Kwa hiyo usijilazimishe kukaa kama sanamu. Mikono ikishika kazi isiyohitaji akili nyingi, moyo hupata nafasi: kuchambua mchele, kusuka ukili, kupalilia, kutembea kwenda kisimani. Sharti ni moja: redio na simu ziwe mbali.

Niandike, au kufikiri kunatosha?

Ukiweza, andika. Mawazo yakiwa kichwani huzunguka. Yakiwa kwenye karatasi unayaona mwanzo na mwisho. James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika, hao hao walijisikia vibaya zaidi. Ni vizuri ulijue hilo, usije ukaandika usiku wa kwanza, ukalia, ukadhani umeharibu. Tafiti nyingi zilizofuata zimepata faida ndogo, tena si kwa kila mtu, kwa hiyo usiichukue kama dawa ya kila ugonjwa.

Andika kwa lugha unayoitumia ukikasirika. Ikiwa hiyo ni Kigiriama, Kisukuma au Kishi, basi iwe hiyo. Usijali nukta wala herufi kubwa. Ukikosa pa kuanzia, jaza sentensi hizi: "Kama hakuna ambaye angeumia, ningependa..." "Jambo ninalojifanya silijui ni..." "Mara ya mwisho nilijisikia mwenyewe kabisa ilikuwa..." Hiyo ya pili ndiyo huwafanya wengi waweke kalamu chini. Ikikuzuia, iache, urudi kesho.

Naogopa daftari langu litasomwa.

Hofu hii ni ya haki, na sipendi wanaoipuuza. Katika nyumba yenye mume, watoto, mdogo wa mume na dada wa kazi, hakuna droo iliyo ya siri.

Andika kisha uchane au uchome jikoni. Faida iko katika kuandika, si katika kuhifadhi. Jirekodi sauti kwenye simu ukiwa njiani, jisikilize mara moja, ufute. Kujisikiliza kuna nguvu yake: utagundua mahali sauti inapotetemeka, na mahali unapocheka ili kuficha kitu. Wengine huandika ndani ya daftari la hesabu za kikoba kwa alama wanazozijua wenyewe.

Wanawake wa kwetu walikuwa na siri za kalamu zamani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, alikulia katika nyumba ambamo mabinti walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Binti wa mfalme, na bado alilazimika kujificha ili aweze kuandika neno.

Kama hofu yako ni kwamba utapigwa ukikutwa unaandika, basi daftari si tatizo lako kuu. Ruka mpaka swali la mwisho.

Nitatofautishaje sauti yangu na hofu, au na maneno niliyolelewa nayo?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na anayekupa jibu la haraka anakupotosha.

Anza kwa kuuliza: maneno haya ni ya nani? "Mwanamke asiye na ndoa hana heshima." Yafuatilie. Mara nyingi utamkuta mwenye nayo: shangazi fulani, jikoni, siku fulani, ukiwa na miaka kumi na mmoja. Kumjua mwenye maneno hakumaanishi kwamba ni ya uongo. Kunakupa tu nafasi ya kuyapima ukiwa mtu mzima, jambo ambalo mtoto hakuweza.

Kisha sikiliza namna inavyosema. Hofu hukimbiza: amua sasa hivi, watakucheka, utakufa maskini. Lawama hutukana: mjinga wewe, huwezi kitu. Ninachokiita sauti yako huwa na maneno machache, haina matusi, na ukiipuuza leo, kesho inarudi na neno lilelile bila kupandisha. "Nimechoka kusema uongo." "Nataka kusoma." "Huyu ananiheshimu." Ndiyo, husema mema pia. Wapo wanaodhani sauti ya ndani kazi yake ni kulalamika tu, na hivyo hawaisikii inapowaambia kwamba hapa walipo ndipo.

Ipe muda. Lala nayo. Uamuzi unaotokana na ghadhabu ya Jumatatu mara nyingi hupoa ifikapo Alhamisi. Ujuzi wa kweli haupoi.

Mwili nao husaidia, lakini uangalie. Ni desturi siku hizi kuambiwa "fuata moyo wako" kana kwamba moyo haukosei. Aliyewahi kuumizwa anaweza kuhisi hatari hata mbele ya mtu salama, na aliyelelewa kwenye makelele anaweza kuuhisi utulivu kama kitu kibaya. Mwili unakumbuka, na wakati mwingine unakumbuka jambo la zamani mahali ambapo halipo tena. Kwa hiyo ukihisi kukazwa, usikimbilie kuhukumu. Jiulize: hiki ni cha leo, au ni cha zamani?

Na hofu haidanganyi kila mara. Ikiwa unaogopa kumwambia mtu ukweli kwa sababu alishakupiga, hofu hiyo inasema kweli. Itii.

Mwishowe utakuta baadhi ya mafunzo ya mama yako unayapenda na unataka kuendelea nayo. Hakuna ubaya. Umeyakagua na umeyachagua; sasa ni yako.

Kila nikitafakari naishia kulia na kujilaumu. Niache?

Acha kwa namna hiyo, ndiyo. Kuna kutafakari, na kuna kuwaza kupita kiasi, na vyote viwili hutokea mtu akiwa kimya akitazama dari. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka 2013, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchunguza tabia ya kurudia maumivu yaleyale kichwani bila kusogea. Aliona kwamba wanawake wanayo zaidi kuliko wanaume, na kwamba huongeza na kurefusha sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito.

Alama ya kuwaza kupita kiasi ni swali la "kwa nini" lisilo na mlango: kwa nini mimi, kwa nini alinifanyia hivi, kwa nini siku zote? Libadilishe liwe "nini": ni nini hasa kilitokea, nilihisi nini, nahitaji nini sasa? Jiwekee mwisho pia. Dakika kumi na tano, kisha inuka ufanye kitu chenye mwendo.

Njia nyingine inayosaidia ni kujiita kwa jina. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa majina yao badala ya "mimi" walilikabili jambo la kutia wasiwasi kwa utulivu zaidi. Jiulize kama ambavyo dada yako angekuuliza: fulani, hapa unaogopa nini? Utashangaa ulivyo na huruma ukijiongelesha kama mtu mwingine.

Je, dini yangu inaruhusu?

Waislamu wanaijua muhasaba, kujihesabu nafsi, na kuna maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Khalifa Umar: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Ipo pia sala ya istikhara kwa mwenye jambo la kuamua. Kwa Wakristo, Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti katika karne ya 16, alifundisha kuipitia siku yako mbele ya Mungu na kutazama ni wapi moyo ulipata faraja na ni wapi ulikauka. Swali nililopendekeza la kuchoshwa na kupewa nguvu liko karibu sana na hilo.

Angalia jambo moja tu. Wapo wanaotumia maombi ili wasijisikie: kila wakihisi hasira wanaikemea kama pepo kabla hawajaiuliza imetoka wapi. Mueleze Mungu ulivyo, hasira ikiwamo. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo.

Huu si ubinafsi, au mambo ya Kizungu?

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mshairi Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa kwa karibu mwaka mzima. Akamwita bintiye akae karibu na wino na karatasi, kwa sababu moyoni alikuwa na habari aliyotaka kumwambia. Mengi ya aliyomwagiza ni utii kwa mume, na wasomaji wa leo wanabishana naye kwa haki kabisa. Ninachokiona mimi ni mwanamke aliyeketi na maisha yake, akayapima, akayasema kwa jina lake. Hakusubiri Ulaya.

Ongeza na kanga. Wanawake wa pwani wamesema kwa nguo yale wasiyoweza kuyasema kwa mdomo, na kila mmoja huenda dukani kuchagua jina linalosema lililo moyoni mwake. Somo na kungwi walimweka msichana ndani kwa siku kadhaa ili ajifunze mwili wake na cheo chake kipya. Sisemi kila kilichofundishwa kilimfaa. Nasema kujitenga, kukaa kimya na kujitazama hatukuviazima.

Kuhusu ubinafsi: mwanamke asiyejua anachotaka huwadai wengine kimyakimya. Anatoa, kisha anangoja wakisie alichohitaji, wasipokisia ananuna. Anayejua husema, na watu wake hupumzika.

Nikiisikiliza itaniambia nivunje ndoa?

Mara chache huanza hapo. Kwa wengi husema mambo ya kawaida zaidi: nataka kulala mchana wa Jumapili, nataka biashara yangu iwe na akaunti yake, sitaki tena mama mkwe apange majina ya watoto wangu. Ndoa nyingi zinabeba hayo, zikielezwa kwa maneno na wakati mwafaka. Usiamue jambo lisilorudi nyuma katika miezi ya mwanzo ya zoezi hili, isipokuwa usalama wako uko hatarini. Na ndiyo, kwa wengine jibu huja kuwa kuondoka. Sitawaambia wanawake hao kwamba walisikia vibaya.

Ni bora peke yangu au na wenzangu?

Vyote. Kuna mambo ambayo hujui kwamba unayajua mpaka ujisikie ukiyasema mbele ya mtu asiyekukatiza. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi ambapo mabibi waliopewa mafunzo hukaa na kuwasikiliza watu wenye msongo. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na mabibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Chagua mtu wako kwa uangalifu. Shoga anayekimbilia kukwambia "mimi ningekuwa wewe..." anakupa sauti yake. Mwambie mapema: leo sihitaji ushauri, naomba unisikilize.

Nafanya kazi za ndani Uarabuni. Haya yananihusu?

Sana, kwa kuwa nyumba unayoishi si yako na siku yako yote imepangwa na mwingine. Tumia dakika za kabla ya kulala kujirekodi sauti kwa lugha ya kwenu, hata kama ni kusema tu jina lako, siku ya leo na jambo moja uliloliona kwa macho yako. Usitume kwa mtu usiyemwamini, ufute ukimaliza. Na nyumbani wakipiga simu kuomba hela, una haki ya kuwaambia pia unavyojisikia.

Ni lini kutafakari hakutoshi?

Ukiwa na huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hulali au unalala mno, huli, au unafikiria kujiua, nenda kituo cha afya. Usisubiri "kuisikia sauti" kwanza, kwa sababu sonona nayo husema, na husema uongo kwa sauti inayofanana na yako. Mama aliyejifungua awe mwangalifu zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Hilo linatibika.

Ukisikia kabisa sauti masikioni ambazo wengine hawazisikii, hiyo ni habari tofauti na yote niliyoandika hapa, na inahitaji daktari. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili. Mirembe iko Dodoma, Mathari iko Nairobi, na Kidongo Chekundu iko Unguja.

Kama unapigwa au unatishwa, Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Kenya unaweza kupiga 1195 bila malipo. Ukiweza, piga kwa simu ya jirani au ya mtu unayemwamini, na ukipiga kwa yako futa namba baada ya kuzungumza.